Fitingi za plastiki zilizozeeka kwenye boti ya tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka kwa wenye boti za faiba wanaozifunga Msasani, Kunduchi na Kigamboni, Dar es Salaam, hasa boti za miaka ya 1970 na 1980 ambazo zimeshapita mikononi mwa watu wengi. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, tumetaja namba ya swali.

## Ya kuanzia

1. Fitingi mnazozungumzia ni zipi hasa?

Ni vipande vinavyopenya mwili wa boti ili maji yaingie au yatoke: ya sinki, ya choo, ya kupoza injini, ya pampu ya ngama (chini kabisa ndani ya boti, maji yanapokusanyika), na ya kumwaga maji ya mvua na mawimbi yanayoingia pale anapokaa nahodha. Kila moja ina kichwa bapa kinachobaki nje, shina lenye thredi linalopita tunduni, nati inayokaza kwa ndani, na mdomo wa kuvalisha mpira. Za chini ya maji huwa na koki. Za juu ya maji mara nyingi hazina.

Mwenye ngalawa hana haja na ukurasa huu. Yeye anafua maji kwa kopo na kuyamwaga nje, basi.

2. Zimekaa miaka 30 bila kuvuja. Kwa nini nizisumbue?

Kwa sababu plastiki hii haitoi taarifa. Bronzi ikichoka hubadilika rangi, huota ukoko wa kijani, huanza kutoa tone moja moja. Nailoni nyeupe iliyopigwa na jua inabaki na umbo lake lile lile huku ndani imekwisha, kama ndoo iliyoachwa juu ya bati: ukiitazama ni nzima, ukiishika mdomo wake unabaki mkononi.

Kinachoiua ni mionzi ya jua. Inakata minyororo ya plastiki kidogo kidogo kuanzia juu, na hapa kwetu, karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua halina miezi ya mapumziko. Sehemu ya kwanza kuachia ni pale kichwa kinapokutana na shina, kwa kuwa ndipo nati inapovuta siku zote. Ufa ukishazunguka, kichwa kinashikwa na gundi peke yake. Siku gundi inapochoka, au boya la boti ya jirani linapogusa ubavu, kichwa kinadondoka baharini, na shina linaweza kusukumwa ndani likiwa na mpira wake.

3. Nitajuaje kama zangu zimechoka?

Panda kwenye kidau, izunguke boti yako asubuhi bahari ikiwa shwari, na anzia tezi, yaani nyuma. Kuna sababu. Boti iliyofungwa kwenye boya huelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo. Wakati wa kusi omo inatazama kusini, na miezi hiyo jua liko upande wa kaskazini yetu, yaani linapiga tezi. Kaskazi ikiingia boti inageuka, omo inatazama kaskazini, na jua nalo limeshahamia kusini. Linapiga tezi tena. Ndiyo maana fitingi za nyuma, zile za pampu ya ngama na za kumwaga maji ya sitaha, karibu kila mara huwa zimezeeka kuliko zile za ubavuni.

Pitisha kidole juu ya kichwa cha fitingi. Kikiacha unga mweupe kama chaki, muda wake umekaribia. Kisha piga ukucha pembeni na uangalie kwa karibu kama kuna nyufa nyembamba zinazotoka katikati kwenda ukingoni. Mara nyingi zimejaa uchafu mweusi, kwa hiyo zinaonekana vizuri zaidi kabla hujaosha boti. Mwisho, bana ukingo kwa koleo na uukunje kidogo. Plastiki nzima inapinda na kurudi, iliyokufa inakatika. Ikikatika usijilaumu, maana ingekatika tu, ila uwe na kizibo mfukoni (swali la 15).

Kwa ndani, shika mpira karibu na fitingi na uutikise. Kukiwa na mchezo wowote, hiyo fitingi ni ya kubadilisha.

4. Za chini ya maji si ndizo za hatari zaidi?

Watu wengi wanadhani hivyo, na hapo ndipo tunapotofautiana nao. Ya chini ya maji ina koki, ina mtu anayeikumbuka, na jua haliifikii. Ya juu kidogo ya mstari wa maji haina koki, haina mkaguzi, na inaota jua mchana kutwa. Halafu boti inapolala kwa upepo mzuri wa alasiri, ile fitingi ya "juu ya maji" inazama, wakati mwingine kwa saa nzima mfululizo, na wewe uko kwenye usukani unafurahia mwendo.

Hesabu yake ni hii. Tundu la inchi moja na nusu, likiwa sentimita 60 chini ya uso wa maji, huingiza kati ya lita 140 na 230 kwa dakika, kutegemea kingo zake zilivyo. Pampu ndogo ya ngama iliyoandikwa galoni 500 kwa saa inatoa kama lita 31 kwa dakika, tena hiyo ni namba ya kwenye boksi, bila mpira mrefu wala betri iliyochoka. Pampu haiwezi mashindano hayo.

Ukiwa na fedha ya kazi moja tu msimu huu, anza na zile zilizo kati ya mstari wa maji na sentimita 30 hivi juu yake.

## Kuchagua mpya

5. Kwa hiyo plastiki haifai kabisa?

Inafaa, ila si kila plastiki. Nailoni tupu, ABS na PVC ni za bei nafuu na ndizo zilizowekwa na viwanda vingi juu ya mstari wa maji. Usiziweke chini ya maji. Nailoni iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo ni kitu kingine. Marelon ya kampuni ya Forespar ya Marekani na TruDesign ya New Zealand ni za aina hiyo, na zimetengenezwa kwa kazi ya chini ya maji, pamoja na koki zake. Haziliwi na chumvi wala umeme unaotangatanga majini, jambo ambalo bronzi haiwezi kujivunia.

Udhaifu wake upo. Nguvu nyingi kwenye mkono wa koki huuvunja, na moto huyeyusha fitingi nzima. Karibu na injini, hasa ya petroli, sisi tunaweka bronzi bila mjadala. Na kwa za juu ya maji zinazopigwa na jua, uliza kama plastiki ina kinga ya mionzi. Nyeusi kwa kawaida hudumu kuliko nyeupe, hata kama ubavu hautapendeza.

6. Bronzi, brasi au stainless?

Bronzi. Brasi ya kawaida ina zinki nyingi, na maji ya bahari huitoa zinki yote ikabaki shaba yenye vitundu, ya rangi ya waridi, inayovunjika kwa mkono. Tatizo ni kwamba kwenye kaunta ya duka bronzi na brasi zikiwa mpya zinafanana, na muuzaji ataita zote "shaba". Kama hakuna maandishi ya mtengenezaji yanayotaja bronzi, au brasi maalumu isiyopoteza zinki (huandikwa DZR au CR), ichukulie kuwa ni brasi ya bomba la nyumbani.

Stainless 316 inapendeza juu ya maji. Chini ya maji, hasa chini ya gundi pasipofika hewa, inaliwa kwa siri kwenye mianya. Tumia juu tu.

7. Naweza kuchukua koki ya bomba Kariakoo au Gerezani?

Kwa maji ya kunywa ndani ya boti, ndiyo. Kwa tundu linalokwenda baharini, hapana. Sababu ya kwanza ni hiyo ya brasi. Ya pili ni thredi, nayo ndiyo inayowaponza hata mafundi wazuri.

Koki na soketi za madukani kwetu ni za BSP, kipimo cha thredi cha Kiingereza. Fitingi nyingi za boti zilizotoka Marekani ni za NPS au NPT, vipimo vya Kimarekani. Kwenye nusu inchi na robo tatu zote zina thredi 14 kwa inchi, kwa hiyo zinaanza kuingiana vizuri kabisa, lakini pembe za meno hazilingani: BSP ni nyuzi 55, za Marekani ni 60. Kuanzia inchi moja, BSP ina thredi 11 na NPT ina 11 na nusu. Utazungusha mara mbili tatu, itakaza, utadhani imeshika. Kumbe imeng'ata kwa ncha tu. Ukifunga utepe mweupe mwingi haitavuja leo, na hapo ndipo ubaya ulipo.

Nunua fitingi, koki na mdomo wa mpira kutoka kwa mtengenezaji mmoja, hata kama itabidi uagize na kulipia ushuru. Ukiagiza TruDesign, taja kama unataka BSP au NPS kwa sababu wanatengeneza zote.

8. Gundi gani ya kuziba?

Ya poliurethane ya boti, kama Sikaflex 291i au 3M 4200. Ile 5200 ya 3M inashika sana, na atakayekuja kuitoa fitingi hiyo baadaye atakulaani. Gundi za polisulfaidi ni nzuri kwa bronzi na mbao, ila zinashambulia baadhi ya plastiki, zikiwemo ABS na PVC, kwa hiyo usizikutanishe. Silikoni ya bafuni iache bafuni. Haishiki vya kutosha, na mabaki yake hayatoki, kwa hiyo hakuna rangi wala gundi nyingine itakayokubali pale tena.

Kabla hujalipa, angalia tarehe na ubonyeze tyubu. Joto la stoo za Dar linaweza kuigandisha gundi kabla ya tarehe yake, na tyubu iliyokuwa ngumu haifai hata muuzaji akupunguzie bei.

## Kazi yenyewe

9. Lazima boti ipandishwe nchi kavu?

Kwa fitingi za chini ya maji, ndiyo, na kwa siku kadhaa. Kwa za juu ya maji unaweza kufanya boti ikiwa kwenye boya, ukiwa kwenye kidau, asubuhi kabla upepo haujaamka, na vitu vizito ukiwa umevihamishia upande wa pili ili ubavu unaoushughulikia uinuke.

Wengi wanauliza kuhusu kupweleza boti ufukweni, yaani kuiacha ikae mchangani maji yakipwa. Bahati yetu ni kwamba bamvua la Dar, siku maji yanapojaa na kupwa sana, lina maji ya kutosha, zaidi ya mita 3 kati ya kujaa na kupwa, na siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi. Unaingia na maji ya alfajiri, unaegemeza boti kwenye nguzo au unailaza ubavu kwenye mchanga usio na mawe, na una saa nne au tano za mchana mweupe. Zinatosha kukagua, kupiga msasa, kupima, hata kubadilisha fitingi iliyo sentimita chache juu ya mstari wa maji. Hazitoshi kwa tundu la chini ya maji, kwa kuwa gundi itakutana na bahari ikiwa bado mbichi. Usijaribu siku za maji mafu pia, yanapojaa na kupwa kidogo tu. Boti inaweza kukwama hapo hadi bamvua lijalo.

10. Ya zamani inatokaje bila kuharibu faiba?

Toa mpira kwanza. Ukigoma usiuvute, uchane kwa kisu kwa urefu, maana mpira wa umri huo nao ni wa kutupa. Kisha fungua nati. Iliyokufa hupasuka yenyewe. Iliyo hai hukatwa kwa patasi pande mbili.

Kichwa cha nje kinaweza kusagwa na grinda hadi kiwe bapa, halafu shina lisukumwe ndani. Weka utepe wa karatasi kuzunguka kichwa kabla hujawasha grinda, kwa sababu mkono ukiteleza mara moja rangi ya ubavu itabaki na alama milele. Njia tunayoipenda ni kugonga kipande cha mbao ndani ya shina, kisha kukata kutoka nje kwa msumeno wa tundu wenye kipenyo cha shina lenyewe, mbao ikishika ncha ya drili katikati. Kichwa kinaachana na shina bila kugusa faiba.

Usitumie nyundo kutoka ndani. Utapasua tabaka la nje la faiba, na kazi ya saa moja itakuwa ya wiki.

11. Nimetoa fitingi nikakuta mbao laini zilizolowa katikati ya faiba. Ni nini hiyo?

Ni balsa, iliyowekwa kati ya tabaka mbili za faiba ili ubavu uwe mwepesi na mgumu. Kiwanda kilitoboa tundu bila kuifunga, na maji yamekuwa yakipenya miaka yote. Hii ndiyo habari mbaya unayoweza kukutana nayo katika kazi hii, nayo ni ya kawaida.

Kwangua balsa yote iliyooza hadi ukutane na iliyo kavu, yenye rangi ya biskuti. Usiridhike na sentimita mbili kama ya tatu bado inatoa maji ukiibonyeza kwa bisibisi. Iache wazi ikauke. Wakati wa masika hilo linaweza kuchukua wiki nyingi, ndiyo maana kazi hii ipange kwa miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba. Baadaye jaza epoksi iliyokorezwa na unga wa silika, acha igande, na utoboe tundu upya katikati ya epoksi. Fitingi inabaki imezungukwa na kitu kisichooza, na nati inakaza juu ya kitu kisichobonyea.

Changanya epoksi kidogo kidogo. Kwenye joto letu kikombe kilichojaa kinaanza kutoa moshi kabla hujafika tunduni. Na kesho yake, kabla ya msasa, osha kwa maji na sifongo. Hewa yenye unyevu huacha utando wa kuteleza juu ya epoksi ambao gundi haishiki.

12. Mpya inafungwaje?

Ijaribishe kavu kwanza. Iingie bila kulazimishwa, na ikifika mwisho kichwa kilale bapa pande zote. Faiba isafishe kwa asetoni, plastiki isafishe kwa spiriti, kwa kuwa asetoni inaunguza baadhi ya plastiki. Paka gundi ya kutosha chini ya kichwa na kwenye shina, sukuma kutoka nje huku ukizungusha, na mtu wa pili akaze nati kwa ndani.

Mtu wa nje ndiye mwenye kazi. Lazima aishike fitingi isizunguke, kwa sababu ikizunguka gundi inachanika. Kaza kwa mkono hadi gundi itoke kidogo kuzunguka kichwa chote, halafu ongeza robo mzunguko kwa spana, basi. Fundi aliyezoea mabomba ya chuma atataka kuongeza na paipu renchi. Mnyang'anye. Plastiki mpya iliyokazwa kupita kiasi inaanza kupasuka siku hiyo hiyo, mahali pale pale ilipopasuka ya zamani.

Poliurethane hukauka kwa unyevu wa hewa, kwa hiyo Dar inaisaidia. Hata hivyo ipe muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kushusha boti.

13. Sahani ya ndani ina umuhimu gani?

Chini ya maji, mkubwa. Koki ni mkono mrefu uliosimama ndani ya boti, na siku moja mtu ataukanyaga au boksi la vifaa litaudondokea. Kiwango cha H-27 cha ABYC, baraza la boti la Marekani, kinataka koki ivumilie mzigo wa kilo 227 kwa sekunde 30 bila kuvuja. Ubavu mtupu wa boti ya zamani hauwezi kuupokea mzigo huo vizuri, hivyo nati inakaa juu ya sahani inayousambaza.

Tengeneza sahani hiyo kwa faiba yenyewe, matabaka yaliyogandishwa pamoja. Mvule na mninga ni mbao imara, lakini mbao yoyote iliyobanwa kwenye ngama yenye maji itaoza mwishowe. Kama ni lazima uwe na mbao, ifunike yote kwa epoksi, hadi ndani ya tundu.

14. Mipira na klipu za zamani zinaweza kurudi?

Mipira hapana. Klipu, mbili kila mwisho chini ya maji, ziwe stainless tupu. Nyingi za dukani zina mkanda wa stainless na skrubu ya chuma cha kawaida. Nenda na sumaku: skrubu ikivutwa kwa nguvu, irudishe kwenye boksi.

## Yasiyo ya kila siku

15. Imevunjika tukiwa njiani kwenda Unguja. Nifanye nini?

Kama ni ya ubavuni juu ya mstari wa maji, usikimbilie vifaa kwanza. Bisha, yaani geuza boti upepo uje kutoka ubavu mwingine, ili upande uliovunjika uwe joshini, upepo unakotoka. Utainuka kutoka majini, na shida kubwa imegeuka kuwa tundu lenye upepo. Kisha punguza tanga boti isilale sana, na uzibe kwa utulivu.

Kizibo ni kigingi cha mbao laini kilichochongwa kama karoti, cha kipimo cha tundu hilo, kilichofungwa kwa kamba kwenye fitingi yenyewe. Kikiwa droo ya mbele chini ya magodoro ni sawa na kutokuwa nacho. Mbao laini hufura ikilowa na hujibana. Kigonge kutoka nje ukiweza, vinginevyo kutoka ndani. Kama umekosa, kitambaa kilichosokotwa na kushikwa kwa mkono kinapunguza maji kiasi cha pampu kuanza kupata nafuu. Maji yakiendelea kupanda, tangaza hali yako kwenye redio ya VHF chaneli 16 mapema.

16. Koki ya plastiki imegoma. Niitie nguvu?

Usiitie. Tikisa mkono wake mbele na nyuma kidogo kidogo. Mara nyingi kinachozuia ni vikome vilivyoota ndani ya tundu, na mpiga mbizi anaweza kuvikwangua kutoka nje kwa bisibisi. Ikifunguka, iwe unaifungua na kuifunga kila mwezi, na boti ikipanda uipake grisi inayokubaliwa na mtengenezaji. Ikigoma kabisa subiri kupandisha. Mkono uliovunjika koki ikiwa wazi ni kesi mbaya kuliko koki iliyogoma.

17. Nina matundu ya vifaa visivyotumika tena. Niyafunge kwa kofia?

Kofia ni plastiki nyingine ya kuzeeka. Ziba kwa faiba. Saga kingo za nje ziteremke taratibu kuelekea tunduni, kwa uwiano wa 12 kwa 1: ubavu wenye unene wa milimita 10 unahitaji mteremko wa milimita 120 kila upande. Unaonekana mkubwa mno na wenye boti hulalamika, lakini kiraka kidogo kilichogongwa ndani ya tundu ni kizibo tu kilichopakwa rangi.

18. Boti yangu ni ya mbao. Haya yote yananihusu?

Mengi, isipokuwa swali la 11. Mbao hufura na kusinyaa, kwa hiyo nati angalia tena wiki chache baada ya kushusha, na upendelee bronzi.

19. Baada ya kubadilisha, nikague mara ngapi?

Zile za juu ya maji, kila unapoosha ubavu, kwa kidole na ukucha kama ilivyo kwenye swali la 3. Za chini ya maji, kila boti inapopanda. Andika kwa kalamu isiyofutika, ndani ya ubavu karibu na kila fitingi, mwaka uliofungwa na aina ya thredi. Atakayenunua boti hiyo baada yako atajua aende dukani kutafuta nini.